Nina kingamwili adimu iliyomdhuru mwanangu wa pili. Huyu wa tatu nitamlindaje?

Shikamoo Daktari,

Nina umri wa miaka 31, naishi Ngaramtoni, nje kidogo ya jiji la Arusha, na nina ujauzito wa tatu ambao kwa hesabu ya kliniki umefika wiki ya 17. Nakuandikia kwa kuwa ujauzito huu umenijia pamoja na hofu ambayo nyumbani siwezi kuieleza bila kuzusha mabishano.

Binti yangu wa kwanza alizaliwa salama, isipokuwa mimi nilitokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, nikaongezewa chupa mbili. Wa pili, mvulana, alizaliwa akiwa na kilo 3.1 na alilia vizuri, lakini kabla hajatimiza siku moja weupe wa macho yake ulikuwa umegeuka njano. Kituoni nilikojifungulia niliambiwa kwamba manjano ni jambo la kawaida kwa mtoto mchanga, nimtoe juani asubuhi, na mama mkwe wangu naye akaniambia hivyo hivyo. Siku ya tatu hakuwa na nguvu ya kunyonya. Anashika ziwa, anavuta mara mbili tatu, anasinzia. Tulipomfikisha hospitali kubwa aliwekwa mara moja kwenye taa za bluu, nasi tukaambiwa kwamba damu yake inavunjwa na kitu kilichotoka kwangu, na kwamba huenda akahitaji kubadilishiwa damu yote. Kila chupa waliyoilinganisha na damu yangu ilikataa. Walimtia mshipani dawa waliyosema imetengenezwa kutokana na damu ya wachangiaji wengi, taa hazikuzimwa usiku wala mchana, na kwa rehema za Mungu manjano yakaanza kushuka. Alipofika wiki ya tano alirudishwa wodini kwa kuwa alikuwa amepauka sana.

Sampuli ya damu yangu ilipelekwa nje ya nchi, na baada ya muda mrefu likaja jibu kwamba nina kingamwili inayoitwa anti-U. Sikuielewa karatasi ile, na daktari aliyenikabidhi alikuwa na foleni ndefu mlangoni. Kadi yangu ya kliniki inaonyesha kundi O chanya, na siku zote nilisikia kwamba wenye shida ya damu katika uzazi ni wale walio hasi.

Mume wangu ananiunga mkono, lakini kwao wanasema damu zetu hazipatani na kwamba tutaendelea kuzaa watoto wagonjwa. Je, ni kweli? Nimesikia ipo sindano ambayo mama huchomwa ili watoto wanaofuata wasiugue. Mbona mimi sikupewa? Na kama huyu naye atahitaji damu, itatoka wapi, ikiwa mara ile ilikosekana hospitali nzima? Tuko ndugu sita wa baba mmoja na mama mmoja, wengine wako Rombo na wengine Mwanza, na sijui kama wanahusika kwa namna yoyote. Jambo la mwisho, mvulana wangu sasa ana miaka miwili na nusu, anatembea na kucheza, ila maneno yake ni machache na nikimwita kutoka nyuma mara nyingi hageuki.

Mama wa Ngaramtoni

MAJIBU

Marahaba, mama. Nianze na karatasi ile uliyopewa, kwa sababu ndiyo mali kubwa kuliko zote ulizonazo katika ujauzito huu. Itoe nakala kadhaa, moja ibandikwe ndani ya kadi yako ya kliniki, nyingine akae nayo mumeo, na katika kila hudhurio uitaje hata kama hujaulizwa. Mwanao wa pili aliugua kabla mtu yeyote hajajua adui ni nani. Huyu wa tatu atazaliwa adui akiwa anajulikana kwa jina, na tofauti hiyo ni kubwa sana, mradi maandalizi yaanze sasa na si siku ya uchungu.

Seli nyekundu za damu hubeba alama nyingi juu ya ngozi yake. Zile za A na B, zilizogunduliwa na Karl Landsteiner mwaka 1901, na ile ya D inayotufanya tuandike chanya au hasi, ndizo zinazopimwa kliniki. Zipo nyingine mamia ambazo hazipimwi kwa kawaida. Mojawapo inaitwa U, iliyotambuliwa mwaka 1953. Karibu watu wote duniani wanayo. Wasio nayo ni takriban mmoja kati ya watu 100 wenye asili ya Afrika, na katika mabara mengine ni vigumu kabisa kumpata hata mmoja. Wewe ni miongoni mwa hao wachache. Si ugonjwa, na usingeijua kamwe hali hiyo kama mwili wako usingekutana na seli zenye U, ama katika zile chupa mbili ulizoongezewa, ama damu ya binti yako ilipochanganyika na yako wakati wa kujifungua. Mwili wako uliziona seli hizo kuwa ngeni, ukatengeneza kingamwili za kuziondoa, na kingamwili za aina hii hupita kwenye kondo la nyuma hadi kwa mtoto. Kwa hiyo O chanya iliyo kwenye kadi yako ni sahihi, ila haikuwa na uwezo wa kukuonya.

Hilo linajibu pia maneno ya wakwe zako. Mumeo hana kasoro, nawe huna. Kwa kuwa wanaume 99 kati ya 100 wana U, hata ungeolewa na mwingine yeyote, hatari ingekuwa ile ile, na haifai ndoa ya watu wanaopendana ivunjwe kwa jambo la namna hii. Niseme ukweli wote, hata hivyo: kwa kuwa karibu kila baba ana U, tuchukulie kwamba mtoto uliyembeba anayo pia na kwamba kingamwili zako zitamfikia. Je, atadhurika kiasi gani? Kwa anti-U wapo watoto wanaopata manjano madogo tu, na wapo wanaoishiwa damu tangu tumboni. Ndiyo maana ujauzito huu unahitaji daktari bingwa wa uzazi.

Kuhusu sindano, unayoizungumzia ni ya Anti-D, iliyoanza kutumika mwaka 1968, na imeokoa watoto wengi mno. Inamzuia mama aliye hasi asitengeneze kingamwili dhidi ya alama ya D peke yake. Kwa U haipo sindano kama hiyo, na hata ile ya D haimsaidii mama ambaye tayari ameshatengeneza kingamwili. Hukunyimwa chochote.

Kinachofanyika ni ufuatiliaji. Kiwango cha kingamwili chako kinapaswa kupimwa sasa, kirudiwe kila baada ya wiki nne hadi wiki ya 28, na baada ya hapo kila wiki mbili. Kuanzia wiki ya 18 kipo pia kipimo cha ultrasaundi kinachoangalia kasi ya damu katika mshipa mmoja wa ubongo wa mtoto: damu ikipungua inakuwa nyepesi na hukimbia kwa kasi zaidi, na kasi ikizidi mara 1.5 ya ile ya kawaida kwa umri wa mimba, daktari anajua kwamba mtoto ameishiwa damu bila kumchoma sindano. Wewe uko wiki ya 17, kwa hiyo muda wake umekaribia sana. Omba rufaa ya kwenda hospitali ya KCMC hapa Moshi, au kwa bingwa wa uzazi aliye karibu nawe anayeweza kufanya kipimo hicho mara kwa mara. Mambo yakienda vizuri, wengi wetu tungependa uzae kati ya wiki ya 37 na 38, mchana, siku ya kazi, wakati maabara ya damu ina watu wake wote.

Sasa damu, na hapa nakuomba usome polepole, wewe na mumeo. Uliuliza kama ndugu zako wanahusika. Wanahusika kuliko mtu mwingine yeyote. Hali ya kukosa U hurithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili, kwa hiyo kila ndugu yako wa baba mmoja na mama mmoja ana angalau nafasi moja kati ya nne ya kuwa kama wewe. Kwa ndugu watano, uwezekano kwamba yumo angalau mmoja ni takriban asilimia 76. Sharti la pili ni kwamba awe wa kundi O, kwa sababu damu atakayopewa mtoto wako lazima ipatane na kingamwili zako zote, zikiwemo zile za kawaida za mtu wa kundi O. Kwa hiyo wapimwe kwanza kundi, na walio O wapimwe zaidi. Hata maabara isipokuwa na kitendanishi cha U, yaani dawa ya kuipimia, ambacho ni adimu, seramu yako mwenyewe, yaani majimaji ya damu yako, inaweza kutumika: seli za ndugu wa kundi O zikilinganishwa na seramu yako zikakubali, tumempata mtu tunayemtafuta, na uthibitisho utafuata baadaye.

Tafadhali wasikimbilie kuchangia. Watolewe sampuli tu kwa sasa. Mwanamume huchangia damu kila baada ya miezi mitatu na mwanamke kila baada ya miezi minne, na seli nyekundu zikishahifadhiwa kwenye jokofu hudumu siku 35 hadi 42 kulingana na mfuko. Kaka yako wa Mwanza akichangia leo kwa upendo, chupa yake itakuwa imekwisha muda kabla hujajifungua, naye mwenyewe hataruhusiwa kuchangia tena kwa miezi mitatu, hata akihitajika katikati. Mahali pa kuanzia ni Kituo cha Damu Salama cha Kanda ya Kaskazini, ambacho kipo Moshi. Nenda na karatasi yako, uombe daktari wako wa uzazi aandike barua, na mpango wa nani atatoa lini uandikwe. Kwa kawaida chupa ya kwanza ingetolewa karibu na wiki ya 36 au 37. Damu ya ndugu wa karibu hutakiwa pia kupigwa mionzi kabla ya kumwingia mtoto mchanga, kwa sababu seli nyeupe za ndugu zinaweza kujificha mwilini mwake na kumshambulia. Waulizeni mapema jinsi jambo hilo litakavyofanyika.

Na kama hatapatikana ndugu hata mmoja? Yupo mtu mmoja ambaye tuna uhakika kwamba ni kundi O na hana U, naye ni wewe. Seli zako zinafaa kabisa kwa mtoto wako. Kinachomdhuru kimo katika majimaji ya damu yako, na majimaji hayo huondolewa kwa kuziosha seli kwa maji ya chumvi ya hospitali kabla ya kumpa. Hili limefanyika katika nchi mbalimbali pale damu adimu ilipokosekana, na si jambo la kuogopa. Ila linawezekana tu ikiwa wewe mwenyewe una damu ya kutosha, na kwa hiyo vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi unavyopewa kliniki usiviache hata siku moja, hata vikikuletea kichefuchefu. Mweleze muuguzi akubadilishie saa za kumeza.

Kuna jambo ambalo hukuliuliza na linanisumbua kuliko mengine. Wewe uliwahi kutokwa na damu nyingi. Ukitokwa tena, damu ya kawaida itakudhuru nawe, kwa sababu kingamwili zile zile zitaivunja. Chupa ya ndugu yako, kwa hiyo, inawekwa kwa ajili ya watu wawili. Waambie wakunga mapema, ili sindano ya kukaza mfuko wa uzazi iwe tayari mtoto anapotoka, na usikubali kujifungulia mbali na hospitali yenye uwezo. Kutoka Arusha hadi Moshi ni takriban kilomita 80, na barabara ile ikishikwa na foleni si ya mama mwenye uchungu. Kama una dada au shangazi Moshi, hamia kwake kuanzia wiki ya 36.

Mtoto akishazaliwa, damu ya kitovu ichukuliwe hapo hapo ipimwe kundi, wingi wa damu, bilirubini (ile njano inayotokana na seli zilizovunjika) na kipimo cha Coombs, ambacho huonyesha kama kingamwili zako zimezishika seli zake. Usidanganyike akizaliwa akiwa na rangi nzuri. Tumboni, ile njano inayotokana na seli zilizovunjika husafirishwa kupitia kondo na ini lako huiondoa. Kitovu kikikatwa, ini lake changa linabaki peke yake na mzigo wote. Ndiyo sababu mwanao wa pili alionekana mzima asubuhi akawa na macho ya njano kabla ya siku kuisha. Manjano yanayojitokeza ndani ya saa 24 za kwanza si ya kawaida kwa mtoto yeyote, na aliyekuambia vinginevyo alikosea. Kwa watoto wetu wenye ngozi nyeusi, msiangalie mashavu. Bonyezeni ufizi kwa kidole, muangalie weupe wa macho na nyayo, kwenye mwanga wa dirishani.

Juu ya jua, simlaumu mama mkwe wako, kwani hakulitoa hewani. Katika miaka ya 1950, muuguzi Jean Ward wa hospitali ya Rochford, Uingereza, ndiye aliyegundua kwamba watoto aliowatoa nje juani walipungukiwa na njano, na kutokana na macho yake makini zikazaliwa taa tunazotumia leo. Mwanga wa bluu huigeuza bilirubini ikawa ya aina inayoweza kutoka kwa mkojo na choo bila kulisubiri ini. Lakini jua la asubuhi la Arusha hupita mawinguni, hudumu saa chache, humchoma au kumpoza mtoto, na nguvu yake haipimiki. Kwa mtoto ambaye damu yake inavunjwa kila saa, kutegemea jua ni kupoteza muda wa ubongo wake. Taa ziwashwe mapema, mtoto awe na nepi tu na kitambaa machoni, na atolewe kwa kunyonyeshwa kila baada ya saa mbili au tatu. Mnyonyeshe bila wasiwasi. Maziwa yako hayatamzidishia ugonjwa huu.

Taa zisipotosha, ile dawa aliyopewa kaka yake, yaani kingamwili za wachangiaji wengi, hupunguza kasi ya kuvunjwa kwa seli kwa baadhi ya watoto. Bilirubini ikiendelea kupanda, ndipo anabadilishiwa damu: mrija mwembamba hupitishwa kwenye mshipa wa kitovu, daktari anatoa damu kidogo na kurudisha nyingine kidogo, kwa saa kadhaa, hadi takriban mililita 160 kwa kila kilo ya uzito. Kwa mtoto wa kilo 3 ni kama mililita 480. Kazi hiyo huondoa takriban asilimia 85 ya seli zake zilizoshikwa na kingamwili, pamoja na sehemu kubwa ya zile kingamwili zenyewe. Unaona basi kwamba seli za mchangiaji mmoja, zikiongezwa plazma inayofaa, zinaweza kutosha. Tofauti kati ya kuokoa na kukosa ni kama mchangiaji huyo anajulikana.

Akiruhusiwa kurudi nyumbani, usihesabu kwamba yameisha. Kingamwili zako hubaki mwilini mwake kwa wiki nyingi zikiendelea kuvunja seli taratibu, bila manjano kuonekana, na hicho ndicho kilichompata kaka yake wiki ya tano. Wingi wa damu yake upimwe kila wiki au kila wiki mbili hadi afikishe takriban miezi mitatu, mbali na mahudhurio ya kawaida ya kliniki. Akianza kutoka jasho anaponyonya, kupumua haraka, kulala kuliko alivyozoea au viganja vikipauka, mlete siku hiyo hiyo. Kiasi anachoongezewa wakati huo ni kidogo, mililita 10 hadi 15 kwa kila kilo, kwa hiyo chupa moja ya mjomba ikigawanywa katika mifuko midogo huweza kumtosha zaidi ya mara moja.

Sasa kuhusu mvulana wako. Bilirubini inapozidi, mahali inapopenda kuumiza ni neva ya kusikia, na inaweza kufanya hivyo kwa mtoto anayetembea na kucheza kama wengine. Mpeleke kwa wataalamu wa masikio, uwaeleze waziwazi kwamba aliugua manjano makali akiwa na siku tatu, kwa sababu maelezo hayo hubadilisha kipimo kinachohitajika. Kipo kipimo chepesi kinachoangalia sikio la ndani pekee, na mtoto aliyeumizwa na bilirubini anaweza kukifaulu huku ujumbe wa sauti haufiki ubongoni sawasawa. Omba kile kinachofuatilia sauti kutoka sikioni hadi kwenye shina la ubongo. Miaka miwili na nusu ni umri ambao bado lugha inajengwa kwa kasi, na akipatiwa msaada sasa, wa kifaa au wa mafunzo ya lugha, atafaidika kuliko akisubiri shule ya awali. Hili lisingoje ujauzito uishe. Mpeleke mwezi huu, na siku utakayokwenda kuchukua barua yako ya rufaa, omba na yake.